Nani Alitufundisha Kuozesha Majani? Historia ya Mboji Katika Nchi Zetu

[MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 15, KISHA UNASHUKA TARATIBU]

MTANGAZAJI:    Hiki ni kipindi chetu cha bustani, na leo hatutachukua jembe mapema. Leo tutakaa chini tuzungumze historia.

Wiki mbili zilizopita tulirusha hewani namna ya kutengeneza mboji nyumbani. Mboji ni ile ambayo wengine wanaiita mbolea vunde, Warundi wanaiita ifumbire, na waliosomea mjini Uvira wanasema komposti. Ujumbe ulikuja mwingi. Wengi waliuliza mambo ya kazi tu: majivu kiasi gani, maganda ya ndimu yanafaa au hayafai. Lakini mzee mmoja, ambaye aliomba jina lake lisisomwe, alituandikia hivi kwa kifupi: kwamba mboji ni mambo ya mashirika, yamekuja na semina na soda, na kwamba hata kama ni mazuri, yeye atarutubisha udongo wa nani?

Nimeuchukua ujumbe huo kwa uzito, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili. Moja ni la historia: je, ni kweli mambo haya yameletwa na mashirika? La pili ni gumu zaidi, na kila mtu aliyelala chini ya turubai analijua. Nitaanza na la kwanza.

[MLIO MFUPI WA NGOMA]

Tuanze kusini mwa Tanzania, mkoa wa Ruvuma, wilaya ya Mbinga, upande wa Ziwa Nyasa. Kuna milima mikali huko, na kwenye milima hiyo wanaishi Wamatengo. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi ile wakitokea kusini, wakiwa na vita na uporaji wa watu na ng'ombe. Wamatengo wakakimbia. Walipanda juu kwenye miteremko ambako adui anapata shida kufika. Ndiyo kusema walikuwa watu waliofukuzwa kwao, wakajibana mahali padogo, penye mwinuko ambao mvua moja kubwa inaweza kuteremsha udongo wote mpaka bondeni.

Pale hawakuweza kulima kama watu wa tambarare, kuchosha shamba na kuhamia lingine, kwa sababu hapakuwa na lingine. Wakawa na njia inayoitwa ngoro. Sikilizeni jinsi inavyofanyika, maana inafanyika mpaka leo. Mvua zinapokaribia kwisha, majani yanafyekwa na kuachwa yanyauke. Halafu yanalazwa chini kwa mistari, mistari mingine inakatiza, mpaka kilima chote kinaonekana kama wavu wa samaki uliotandazwa. Kila tundu la wavu lina upana wa hatua mbili hivi. Baada ya hapo udongo unachimbwa katikati ya tundu na kutupwa juu ya majani. Kinachobaki ni shimo katikati na tuta pande zote, na ndani ya tuta kuna majani yaliyozikwa, yanaoza.

Maharage yanapandwa juu ya matuta. Yakishavunwa, mabua yake yanatupwa shimoni. Msimu wa mvua unaofuata yanapandwa mahindi, na magugu yanayopaliliwa yanaingia humo humo. Maji ya mvua yanashuka kwenye mashimo yanatulia, hayakimbii na udongo. Shamba likirudiwa, mashimo mapya yanachimbwa pale yalipokuwa matuta, kwa hiyo kila kipande cha ardhi kinapata zamu yake ya kulishwa. Kwa desturi wanaume wanafyeka na kulaza majani, wanawake wanachimba na kufukia. (Mama zangu, najua mnacheka. Kazi ya jembe imeangukia upande gani, hata huko.)

Hakuna shirika lililokuwepo. Hakuna semina. Watu waliofukuzwa walifukia majani kwa sababu walitaka kula.

Njooni sasa karibu zaidi, nyanda za juu za Ufipa, mkoa wa Rukwa, upande wa kusini wa Ziwa Tanganyika hili hili letu. Ufipa ina majani mengi na miti michache. Ng'ambo ya mpaka, Wabemba wa Zambia walizoea kukata matawi ya miti, kuyarundika, kuyachoma na kupanda ulezi kwenye majivu. Mfipa hakuwa na miti ya kuchoma namna hiyo. Alichofanya ni kulima majani pamoja na udongo na kuyarundika kuwa vilima vidogo vya mviringo, majani ndani, udongo nje. Msimu wa kwanza alipanda mazao kama maharage juu ya vilima. Msimu uliofuata alivitawanya vilima na kupanda ulezi kwenye udongo ambao majani yake yalikwisha kuwa meusi na laini. Yule anachoma, huyu anaozesha. Kila mmoja kwa kile alichonacho.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ukara, na hapo naomba tukae kidogo.

Ukara ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe. Hakifiki kilomita za mraba 100, na watu wake ni wengi tangu zamani. Waingereza walipofika kuangalia kilimo cha pale walishangaa, na mwaka 1936 habari za wakulima wa Ukara zikaandikwa katika toleo la kwanza la jarida la Tanganyika la mambo ya nchi na watu wake. Walichokikuta ni hiki. Ng'ombe wa Ukara hakuzurura. Alikaa ndani ya nyumba ya mwenye nyumba, mahali palipochimbwa chini kidogo, akaletewa majani na nyasi mpaka mdomoni. Mkojo wake, kinyesi chake na mabaki ya majani aliyoyakataa vilikanyagwa pamoja humo ndani, vikajazana, mpaka siku ya kutolewa na kubebwa shambani. Kwa mzigo, kichwani. Shamba kwa shamba.

Majani ya kumlisha ng'ombe nayo yalikuwa kazi. Miti ilikuwa na wenyewe, hukati jani la mti wa jirani. Kando ya ziwa walichimba mashimo yenye maji na kupanda nyasi humo kama mtu anavyopanda mpunga. Na kwenye mashamba ya uwele walipanda katikati yake marejea, ule mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano na maganda yanayolia ukiyatikisa. Hawakupanda ili wale. Uwele ukivunwa, marejea yanabaki yanakua, halafu yanalimiwa chini yakiwa mabichi ili yaoze. Ni chakula cha udongo peke yake. Fikiri kiasi cha njaa ya ardhi iliyomfikisha mtu mahali pa kupanda mmea ambao yeye na watoto wake hawatauonja.

Sasa, hapa ndipo historia ya Ukara inapogeuka. Wakara wengi walihama kisiwa kwa sababu kilijaa. Walikwenda Ukerewe na bara, ambako ardhi ilikuwa nyingi. Walikuwa na ujuzi wote vichwani. Walijua ng'ombe wa ndani, walijua marejea, walijua kubeba samadi. Na walipofika kwenye ardhi nyingi wakaacha. Wakalima kama majirani zao wapya, ng'ombe wakachungwa nje, shamba likichoka wanafungua lingine.

Wataalamu waliandika jambo hili kwa mshangao. Mimi sishangai. Kubeba samadi kichwani ni kazi ngumu na inanuka. Mtu mwenye akili hafanyi kazi ngumu bila sababu. Kwa hiyo mtu akiniambia watu fulani hawatengenezi mboji kwa sababu hawajaelimishwa, mimi namuuliza kwanza wana ardhi kiasi gani, na wana hakika ya kukaa muda gani. Mkara alijua kila kitu akaacha, na Mmatengo hakusoma popote akaanza.

[MUZIKI, SEKUNDE 10]

MTANGAZAJI: Tunaendelea. Mzee wetu alisema mambo ya mashirika. Kuna ukweli ndani yake, maana ile mboji ya lundo, ya tabaka juu ya tabaka, ya kugeuza kwa siku maalumu, hiyo ina kitabu na ina mwandishi.

Mwandishi ni Mwingereza, Albert Howard, aliyezaliwa 1873. Mwaka 1905 alikwenda India kama mtaalamu wa mimea wa serikali ya kikoloni. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha Wahindi kulima. Lakini alipoangalia mashamba ya wakulima wadogo, mazao yao hayakuugua ovyo, na hawakuwa na dawa yoyote. Akabadilisha msimamo, akawa mwanafunzi wao. Baadaye aliandika kwamba walimu wake walikuwa wakulima na wadudu waharibifu. Alijifunza pia kutoka Uchina kupitia kitabu cha Mmarekani F. H. King, kilichotoka 1911, kilichoeleza jinsi wakulima wa Uchina, Korea na Japani walivyolisha ardhi ile ile kwa miaka maelfu kwa kurudisha kila uchafu shambani.

Kuanzia 1924 Howard alikuwa na kituo katika mji wa Indore, katikati ya India. Huko, pamoja na mkewe Gabrielle, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa mimea, na Mhindi mwanakemia anayeitwa Yeshwant Wad, walipanga ujuzi huo ukawa njia moja: mabaki ya mazao, samadi, udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe, majivu ya kuni, maji, na kugeuza mara tatu. Mboji ilikuwa tayari kwa miezi mitatu. Mwaka 1931 Howard na Wad walitoa kitabu, na njia ikaitwa Indore, jina la mji ule.

Basi njia ikasafiri. Ilifika Afrika Mashariki haraka kuliko ninavyoweza kudhani, kupitia kahawa. Mwaka 1933 shamba la walowezi la Kingatori, karibu na Kiambu nchini Kenya, lilikuwa tayari linarundika mboji ya Indore. Ujuzi wa mkulima mdogo wa India, ulioandikwa na Mwingereza, umetua kwenye shamba la mlowezi Kenya, na mikono iliyogeuza lundo ni ya kibarua Mwafrika. Huenda nyumbani kwake kibarua huyo mama yake alikuwa anamwaga majivu na maganda kwenye migomba bila kuyapa jina lolote.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee kwa swali la kwanza ni kwamba mashirika yameleta karatasi. Kuozesha tulikuwa nako.

Na tusiende mbali. Burundi, rugo la zamani lilizungukwa na migomba, na migomba ile haikunenepa kwa maombi. Takataka za jikoni, majivu, majani yaliyofagiliwa, yote yalikwenda kwenye migomba. Ng'ombe alithaminiwa kwa maziwa na kwa heshima, lakini pia kwa ifumbire. Mtu asiye na ng'ombe alipoomba kutunziwa ng'ombe wa mwenye nacho, ule mkataba wa ubugabire, kitu kimojawapo alichokipata kila asubuhi, bila kumwomba mtu, ni samadi. Wakongo wa milima ya Bushi, upande wa Bukavu, wana migomba iliyolishwa vivyo hivyo. Waulize wazee wa zoni yako, usiniulize mimi niliyezaliwa nikikuta turubai.

Kuna kipande cha historia ambacho hakipendezi, na nadhani ndicho kinachofanya watu wengine wakisikia neno mboji wanakunja uso. Ni kulazimishwa.

Wabelgiji walipotawala Ruanda-Urundi, kuanzia miaka ya 1930 waliwalazimisha wakulima kupanda kahawa, na kahawa ilitakiwa itandazwe majani chini, yawe mazito, mwaka mzima. Aliyezembea alijua kiboko. Sasa jiulize, majani hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye migomba na mashamba ya chakula. Yale majani ambayo yangeoza chini ya maharage ya watoto yakaenda kuoza chini ya kahawa ya kodi. Kutandaza majani si kitu kibaya, ni kizuri sana. Ila mkulima aliona wazi nani anashiba.

Tanganyika nako Waingereza walikuwa na yao. Milima ya Uluguru, Morogoro, kuanzia 1950 watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye udongo wa pale ngazi zilitoa juu ule udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakawa duni, na kazi ilikuwa ya lazima. Mwaka 1955 watu waligoma, kukawa na ghasia, mtu akapoteza maisha, na mpango ukafa. Wamatengo kule Mbinga walichimba mashimo maelfu kwa hiari yao wenyewe karne nzima. Waluguru waliamriwa na afisa, wakachoka kwa miaka mitano.

[MLIO MFUPI WA NGOMA]

Nimefika kwenye swali la pili. Udongo wa nani?

Kambi yetu ya Nyarugusu ilianza 1996, ndugu zetu walipovuka ziwa kutoka Kivu ya Kusini. Wengine wetu tulizaliwa hapa, tukasoma hapa mpaka sekondari. Warundi wengi walikuja kuanzia 2015. Kila mwaka tunasikia habari: watu warudi, kambi ifungwe, wengine wapelekwe nchi ya tatu. Mtu atarundika majani, atayageuza, atamwagilia maji aliyopangia foleni kwenye bomba, halafu mwezi wa nne aambiwe panda gari. Swali la mzee si la uvivu. Ni hesabu.

Naomba tuangalie waliotutangulia. Warundi waliokimbia 1972 walipelekwa Katumba na Ulyankulu. Wazee wao walidhani ni msimu mmoja au miwili. Ulyankulu ilijaa kupita uwezo wa ardhi na maji yake, na kuanzia 1978 maelfu wakahamishiwa pori la Mishamo, ambako kila familia ilipewa hekta 5. Hekta 5, jamani! Walikata pori, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na kufika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza. Wengi wao hawakurudi. Mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania, watu zaidi ya 160,000. Miaka 42 baada ya kuvuka mpaka kwa msimu mmoja.

Sisemi sisi yatatupata hayo hayo, mema au mabaya. Sheria za leo si za 1978, hakuna anayetupa hekta 5, tuna kipande nyuma ya nyumba na kutoka nje ya kambi kuna taratibu zake. Ninachosema ni kwamba hakuna mkimbizi aliyewahi kupiga hesabu ya muda wake akapata jibu sahihi, na kusubiri jibu hilo kabla ya kupanda ni kula mgao mkavu kwa miaka. Mgao ni unga, mbaazi za njano, mafuta na chumvi, na siku hizi tunajua unavyopungua. Lengalenga haimo. Matembele hayamo. Sombe haimo. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusubiri wakubwa wakae vikao wamalize.

Hapa ndipo nadhani Howard na Wad wanatufaa sisi kuliko hata Wakara. Njia ya Mkara inataka ng'ombe na ukoo unaokaa mahali pamoja. Ngoro inakwenda kwa zamu ya miaka. Lundo linataka miezi mitatu. Miezi mitatu hata mkimbizi anaweza kuikopesha ardhi.

Na udongo uliolishwa unaweza kubebwa. Bustani ya gunia mnaijua: gunia la mgao, katikati mawe madogo ya kupitisha maji, pembeni udongo uliochanganywa na mboji, mboga juu na mboga kwenye matundu ya ubavuni. Mama mmoja wa mtaa wa jirani na wetu alipohamishwa nyumba alibeba godoro, sufuria na magunia mawili ya mchicha, mmoja wa watoto akisukuma baiskeli. Udongo wa nani? Wa kwake.

[MUZIKI, SEKUNDE 5]

MTANGAZAJI: Sasa jembe. Nitapita haraka pale mlipokwisha kusikia na nitakaa pale ambapo ujumbe wenu ulionyesha shida.

Chagua mahali penye kivuli, maji yasipotuama. Chini weka vijiti na mabua magumu, urefu wa kiganja, ili hewa ipite. Juu yake majani makavu. Juu yake majani mabichi na mabaki ya jikoni: maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya maharage. Kisha samadi. Wengi mliandika hamna ng'ombe. Hakuna shida, kinyesi cha mbuzi, kuku, sungura au simbilisi kinatosha. Nyunyiza majivu kidogo, mkono mmoja kwa tabaka, na udongo wa juu kidogo. Halafu maji. Rudia tabaka mpaka lundo likufike kifuani, upana hatua mbili kila upande. Lundo dogo la magoti halipati joto, na joto ndiyo kazi yenyewe.

Joto linatoka wapi? Humo ndani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Majani makavu ni unga wao, majani mabichi na samadi ni maharage yao. Ukiwapa unga mtupu wanadhoofika, lundo linakaa mwaka mzima halijaoza. Ukiwapa maharage matupu lundo linanuka kama mayai na nzi wanajaa. Makavu yazidi mabichi kidogo kwa ujazo, samadi iwe sehemu ndogo. Wakila vizuri wanafanya kazi mpaka lundo linachoma mkono. Joto hilo linaua mbegu za magugu na magonjwa mengi.

Chomeka kijiti kirefu mpaka katikati ya lundo na ukiache humo. Kila siku chache kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto na kina unyevu, ni vizuri. Kikiwa kikavu na kina unga mweupe, ongeza maji. Kikiwa baridi, chukua chepeo ugeuze, ya nje yaingie ndani. Geuza baada ya wiki mbili au tatu, tena baada ya mwezi, tena mwezi wa pili ukiisha. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa, usimalize foleni ya bomba kwa ajili ya lundo.

Msiweke plastiki, betri, majani ya mkaratusi, nyama, wala kinyesi cha mtu au cha mbwa. Majivu ya mkaa yakizidi yanaharibu.

Na kuna jambo moja linaniumiza kila asubuhi. Tunafagia uwanja vizuri, sisi watu wa Maziwa Makuu tunapenda uwanja msafi, halafu yale majani tunayachoma. Moshi unaingia kwenye vifua vya watoto, na chakula chote cha udongo kinapanda mbinguni. Akina mama wanaogopa kwenda porini kutafuta majani, na wana haki ya kuogopa, sote tunajua sababu. Lakini majani ya lundo moja yapo humu humu: uwanja wako, uwanja wa jirani anayechoma, na sokoni jioni wachuuzi wanapoacha makoko ya kabichi na maganda ya migomba. Mwombe jirani kabla hajawasha kiberiti.

Mboji iliyo tayari ni nyeusi, inaporomoka mkononi, inanukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukiona bado jani kwa umbo lake, subiri. Mboji isiyoiva inaunguza miche. Weka konzi moja kwenye kila shimo la mche wa nyanya au kabichi. Kwenye tuta la lengalenga, ndoo moja ya lita 20 inatosha hatua mbili za tuta, ichanganye na udongo wa juu tu, usiifukie chini sana. Iliyobaki ifunike isipigwe jua wala mvua.

Maganda ya ndimu yanafaa, aliyeuliza amesikia, mradi yasiwe mengi.

Anayeanza lundo wiki hii atakuwa na mboji kabla msimu haujageuka. Wanaotaka kuona lundo lililoanza kuchemka waje kwenye bustani ya vijana nyuma ya kituo chetu siku ya Alhamisi, saa 3 asubuhi, na kila mmoja aje na kijiti chake. Wiki ijayo tutazungumza kuhusu mbegu, namna ya kutunza mbegu za lengalenga zisiliwe na wadudu. Mpaka hapo, amahoro, na kwaheri ya kuonana.

[MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA. MWISHO]